Bustani ya Mboga na Hesabu Zake



Katika ofisi nyingi za umma na vyumba vingi vya walimu humu nchini hupita karatasi moja, zamani mkono kwa mkono, siku hizi simu kwa simu, yenye kueleza utajiri uliomo katika mboga. Karatasi hiyo husema hivi: robo ekari ya kabichi, ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60, hubeba miche isiyopungua 2,700, kila kabichi ikiuzwa shilingi 500, mkulima hupata shilingi 1,350,000 kwa muda wa miezi minne, ondoa bei ya mbegu na mbolea, na kinachobaki ni faida.

Hesabu hiyo ya kuzidisha haina kosa. Mwanafunzi wa darasa la nne angeipata bila taabu. Kasoro yake ni kwamba ndani yake hamna mvua, hamna wadudu, hamna dalali, wala hamna mtu. Inachukulia kuwa mche uliopandwa ni kabichi iliyokwisha kuuzwa. Kwa sababu hiyo wako watumishi waliokopa kwa dhamana ya mishahara yao, wakakodi shamba, wakamweka kibarua wa kumwagilia, wakawa wanalima kwa simu huku wameketi mezani, na msimu ulipokwisha wakabaki na makato ya miaka kadhaa. Hao angalau walikuwa na mshahara wa kukatwa. Familia ambayo bustani ndiyo mshahara wake, ikipatwa na hasara ile ile, hukatwa chakula, daftari na sare za watoto.

Inafaa basi bustani ya mboga ielezwe kama inavyoendeshwa na familia inayoitegemea, maana watumishi wa umma ndio wanaokusanya ushuru wa mazao yake, ndio wanaopanga mikopo yake, ndio wanaosimamia mito inayoinywesha, na walimu ndio wanaowalea watoto wanaotoka humo asubuhi wakiwa tayari wamekwisha fanya kazi ya saa nzima.

Mfano ulio wazi ni Wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko katika mwinuko wa mita 1,400 hivi. Barabara ya kuupandia huacha njia kuu pale Mombo, ikapita Soni, na kwa mwendo wa kilometa zipatazo 33 hujizungusha kandokando ya genge. Baridi ya milima hiyo ilifanya mbegu za nchi za baridi zikubali: kabichi, karoti, koliflawa, liki, letasi, njegere na viazi mviringo. Leo mboga hizo hushuka kwa malori kutoka Lukozi, Mlalo, Malindi na vijiji vingine hadi Tanga na Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 300, na watu wengi mijini hula kachumbari bila kujua kwamba karoti iliyomo ilioshwa juzi katika kijito cha Usambara.

Mashamba ya huko ni madogo na yametawanyika. Familia moja huwa na kipande bondeni, kipande mlimani, na pengine kingine mbali kilichorithiwa kutoka upande wa babu. Kipande cha mlimani hupata maji ya mvua tu, nacho hulimwa mahindi, maharage na viazi. Kipande cha bondeni ndicho bustani. Hicho hata kikiwa robo ekari hutunzwa kama mboni ya jicho, kwa kuwa ndicho pekee kinachoweza kutoa mboga wakati wa kiangazi, wakati ambapo bei mjini hupanda. Mvua zikiwa nzuri kila mtu ana mboga, na bei huanguka kila mahali kwa siku zile zile.

Sasa na yatazamwe maji. Aliyesoma jiografia anajua kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mboga zilizokwisha tandaza majani, katika siku kavu za milimani, hutaka milimita 3 hivi kwa siku. Katika nchi ya joto hutaka zaidi. Robo ekari ni mita za mraba 1,000 na ziada kidogo. Kwa hiyo bustani hiyo hutaka lita 3,000 kila siku, yaani ndoo 150 za lita 20. Ikiwa kuteka, kubeba, kumwaga na kurudi mtoni ni dakika 4 tu, basi ndoo 150 ni dakika 600, nazo ni saa 10 za mtu mmoja asiyepumzika. Kumwagilia leo na kuruka kesho hakuzipunguzi ndoo hizo, huzikusanya tu. Hakuna karatasi ya faida iliyopata kuziandika saa hizo 10, kwa kuwa wanaozitoa hawalipwi: ni mama, ni binti aliyemaliza shule, ni watoto kabla ya kengele.

Palipo na mfereji kazi hupungua sana, na ndiyo maana mfereji katika nchi ya milima ni jambo la utawala hasa. Maji ya mfereji huenda kwa zamu. Aliye juu huyaona kwanza, aliye chini hupata yaliyosalia, na mwezi wa Septemba kijito kinapokonda, ugomvi wa zamu huweza kufika baraza la kijiji kabla jua halijapanda. Siku hizi wenye uwezo hununua pampu ndogo ya petroli. Pampu huokoa mgongo, lakini huongeza gharama ya mafuta, na pampu 5 zikiwekwa juu ya kijito kimoja, aliye chini habaki na zamu ya kugombea.

Tena ipo sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji shughuli za kudumu na zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi. Shabaha ya sheria hiyo ni njema, na wakulima wa bondeni ndio wa kwanza kuumia chemchemi ikikauka. Hata hivyo, mabonde ya Usambara ni membamba; afisa akishuka na kamba ya kupimia, katika sehemu nyingi bonde zima huingia ndani ya mita 60, pamoja na bustani zilizokuwapo tangu enzi za babu. Hapo ndipo busara ya mtumishi hupimwa. Afisa anayefika mwezi wa kusia mbegu, akakaa na kijiji, akaonyesha mahali pa kuacha majani na miti ya kushika kingo, atakuwa amelinda mto. Afisa anayefika wiki ya mavuno akaamuru kabichi zifyekwe hajalinda chochote. Kabichi huondoka, na mwaka unaofuata hupandwa tena usiku.

Baada ya maji, kalenda. Kazi ya ofisi huweza kulala faili hadi Jumatatu, lakini kitalu hakilali. Mbegu za kabichi na nyanya husiwa kitaluni, zikatunzwa wiki nne hadi sita, ndipo miche ihamishwe jioni au siku ya mawingu isiungue. Usiku wa kwanza sota huweza kuikata shinani, mkulima akaamkia safu imelala. Karoti haipendi kuhamishwa. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, huchanganywa na mchanga zikamwagwa mferejini papo hapo tutani, kisha miche hupunguzwa mmoja mmoja kwa mkono, kazi ya kuinama ambayo haina njia ya mkato. Nyanya hutaka kusimikiwa miti, kufungwa na kutolewa machipukizi. Mambo haya yote hutokea kwa wakati mmoja na palizi ya mahindi ya mlimani.

Nyanya yastahili kusemwa peke yake, maana ndiyo inayotajirisha na ndiyo inayofilisi. Kukiwa na ukungu na manyunyu ya siku tatu, ugonjwa wa bakajani chelewa huingia. Majani hupata mabaka ya rangi ya maji machafu, na shamba lililokuwa kijani Jumatatu huonekana Ijumaa kama limemwagiwa maji ya moto. Ugonjwa huo ndio ulioangamiza viazi vya Ireland tangu mwaka 1845 na kuleta njaa kuu, kwa kuwa nyanya na kiazi mviringo ni ndugu wa ukoo mmoja. Kwa ajili ya udugu huo, mkulima anayefuatisha nyanya juu ya viazi, kisha pilipili hoho juu ya nyanya, anadhani anabadilisha mazao, kumbe anawaandikia chakula wageni wale wale. Mnyauko wa bakteria hukaa udongoni kwa miaka. Njia rahisi ya kuutambua ni kukata shina la mche ulionyauka na kulitumbukiza katika bilauri ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni wenyewe, na hakuna dawa ya kupulizia itakayosaidia.

Mwaka 2014 ulithibitishwa humu nchini mdudu mpya wa nyanya ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini na ambaye mwaka 2006 alikuwa amekwisha ingia Hispania. Wakulima walimpa jina la Kantangaze. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi mbili, kisha hutoboa tunda. Dawa inayopulizwa juu haimfikii kwa urahisi, na tena ni mwepesi wa kuizoea. Familia nyingi zilipoona dawa moja imeshindwa zilichanganya mbili, zikaongeza kipimo, zikapulizia mara mbili kwa wiki. Mfuko wa fedha uliisha na Kantangaze akabaki.

Habari ya dawa ni habari ya afya, nayo haipati uzito inaostahili. Chupa nyingi huwa na maandishi madogo, mara nyingine kwa lugha ya kigeni, nazo katika maduka ya vijijini humiminwa zikauzwa kwa vikopo visivyo na maandishi yoyote. Anayepiga dawa hubeba bomba mgongoni bila glavu wala barakoa, huku upepo ukimrudishia. Bomba huoshwa mtoni. Muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, ambao huandikwa katika kila dawa halali, haufuatwi siku mnunuzi anapotokea ghafla na fedha taslimu. Mwalimu wa sayansi mwenye watoto 60 darasani anaweza kufanya hapa jambo ambalo bwana shamba mmoja mwenye kata nzima haliwezi: kuwafundisha watoto kusoma karatasi ya chupa ya dawa kama wanavyosoma kitabu, ili wakirudi nyumbani wawasomee wazazi.

Ndani ya nyumba yenyewe kuna hesabu nyingine. Kusia, kupandikiza, kupalilia, kumwagilia, kuvuna na kuosha mara nyingi ni kazi ya mama na watoto. Kupiga dawa, kuzungumza na mnunuzi na kupokea fedha mara nyingi ni kazi ya baba. Mboga ndogo ndogo kama mchicha, mnavu na majani ya maboga huachiwa mama auze gengeni, na fedha yake ndiyo inunuayo chumvi, mafuta ya taa na daftari. Kinachotokea mara kwa mara ni kwamba zao la mama likianza kuleta fedha nyingi hubadilika likawa zao la baba. Haifai kulipamba jambo hili kwa maneno matamu. Mradi wowote wa mboga unaohesabu idadi ya wanawake waliohudhuria semina, bila kuuliza ni mkono wa nani uliopokea fedha ya mavuno, haujahesabu kitu.

Sasa sokoni, na hapa ndipo yafaa kusimama zaidi, kwa sababu familia nyingi hushinda ukame na wadudu, zikashindwa na siku moja ya soko.

Mazao hayafanani katika kungoja. Karoti iliyoiva inaweza kubaki ardhini wiki mbili tatu ikingoja bei, ingawa mwisho hupasuka. Kabichi hungoja kidogo. Nyanya iliyoanza kuiva haingoji, na mchicha wa leo kesho ni samadi. Mnunuzi anayefika shambani na lori anajua siku za kila zao kuliko anavyojua siku za kuzaliwa watoto wake, na huanza kutaja bei baada ya kuangalia rangi ya nyanya. Mkulima hana ghala la baridi, hana lori, na mara nyingine hana habari ya bei ya jana ya Dar es Salaam isipokuwa ile anayoambiwa na huyo huyo mnunuzi. Simu ya mkononi imesaidia kwa sehemu. Lakini kujua kuwa bei ya mjini ni mara tatu hakumpi mtu gari la kuifuata.

Kisha gunia. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi hata idadi imesahaulika. Hata hivyo lumbesa ingali hai. Gunia hujazwa, kisha huongezewa kilemba cha majani na kamba, na ndani ya kilemba hicho hukaa karoti ambazo mkulima hakulipwa. Mnunuzi hulipa kwa gunia na kuuza kwa kilo. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo faida yake ya kwanza, kabla hata lori halijawashwa. Dawa yake inajulikana: mizani pale gulioni, itumikayo kila siku ya soko. Mizani ikiletwa kwa ajili ya ugeni wa kiongozi, ikaondoka na msafara wake, lumbesa hurudi wiki ile ile.

Ipo pia biashara ya mali kauli. Mkulima asiyetaka kuuza kwa bei ya shambani hupeleka mzigo kwa dalali mjini, naye dalali hupokea kwa kauli tu na kuahidi kulipa baada ya kuuza. Yako masoko ambamo mkulima hawezi kabisa kuuza mwenyewe; dalali ndiye mwenye kizimba, ndiye mwenye wateja, naye ndiye anayetamka bei. Kukiwa na mzigo mwingi, hupiga simu jioni kusema nyanya zimelala, nusu imeoza, na tenga limeuzwa kwa bei isiyofikia nauli yake. Pengine asema kweli. Nyanya zilizopita barabara ya kona katika matenga ya mbao yaliyopangwa matano kwenda juu zina kila sababu ya kupondeka. Lakini mkulima hana njia ya kuujua ukweli, kwa kuwa hakuna karatasi. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, habari zilizoenea zilikuwa za wafanyabiashara na majengo, kama ilivyopasa. Hasara ya aliyekuwa na mali kauli mikononi mwa mfanyabiashara wa humo haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Zamani lilidhaniwa kuwa jibu la yote hayo ni ushirika, na kwa sehemu ni kweli. Lakini historia yake humu nchini ilikatika vibaya: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kati ya miaka hiyo imani ya wakulima ilipata jeraha ambalo wazee hawajalisahau. Tena ushirika wa mboga si sawa na wa kahawa au pamba. Kahawa hukaa ghalani mwaka, malipo ya pili yakangojwa. Kiongozi wa kikundi cha mboga akichelewa siku mbili kutafuta lori, wanachama wote wamepoteza. Vikundi vinavyodumu ni vidogo: majirani kumi au kumi na watano wa bonde moja wanaokubaliana nani apande wiki gani, ili mboga zao zisiive pamoja, na wanaokodi gari moja kwa gharama ya wote. Vikundi vya namna hiyo havina jengo wala bendera, na ni rahisi afisa wa wilaya asivione.

Katika ushuru yamefanyika mabadiliko yanayofaa kutajwa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mwenye mzigo usiozidi tani 1 akasamehewa kutozwa anapouvusha kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mkulima wa matenga kumi ya nyanya msamaha huo ni kitu kikubwa, ikiwa tu kijana aliyeko kizuizini anaujua na hataki kuusahau usiku. Kuhusu mikopo, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa marekebisho na kurejeshwa mwaka 2024. Kwa mboga, jambo la kuangaliwa kuliko kiasi ni tarehe. Fedha inayotoka mwezi Machi kwa kitalu kilichotakiwa kusiwa Januari huwakuta wanachama wamekwisha kopa kwa mwenye duka la pembejeo, kwa masharti yake. Hupita mikononi mwao kama maji, ikaenda dukani.

Ardhi yenyewe haiongezeki. Baba mwenye ekari 2 na wana 4 anajua jinsi itakavyokuwa, na vijana wanajua zaidi. Ndiyo maana wengi hushuka Mombo na hawarudi isipokuwa kwa msiba. Wanaobaki hupanda juu, kwenye miteremko ambayo babu zao waliiacha. Mvua ya masika ikipiga mteremko uliopaliliwa safi kwa ajili ya viazi, udongo mzuri huteremka na samadi yake, ukaenda kuziba mfereji wa bondeni. Katika miaka ya 1940 na 1950 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta mlimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, nyingi ikawaangukia wanawake, na faida haikuonekana msimu ule. Wananchi waliigomea mpaka mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Mradi wa SECAP, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, ulitumia njia nyingine: kupanda kwa kufuata kontua mistari ya miti na ya majani ya Guatemala, ambayo yalishika udongo na papo hapo yakawa malisho ya ng'ombe wa zizini, naye ng'ombe akatoa samadi ya bustani. Majani yale yalikubaliwa na wengi ambao wazee wao waliyakataa matuta. Mteremko ulikuwa ule ule, na watu ni wa ukoo ule ule. Tofauti ilikuwa ndoo ya maziwa.

Kwa mtumishi anayetaka kulima mboga baada ya saa za kazi au baada ya kustaafu, hayo yote hayakusudiwi kumkatisha tamaa. Wapo waliofaulu, na karibu wote walianza na eneo ambalo mikono ya nyumbani iliweza kulinywesha. Aliye na familia ya watu watano na bomba la maji nyuma ya nyumba anaweza kutunza vizuri mita za mraba 100 za mchicha, sukuma wiki na nyanya chache, akala mboga safi mwaka mzima, na huo ni msaada mkubwa mezani ukikumbuka kuwa Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale si chini ya gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Anayetaka kwenda zaidi ya hapo aandike kwanza katika karatasi yake mistari ambayo ile ya ofisini haina: miche iliyokufa, saa za maji, kabichi ndogo zisizonunuliwa, mara za kupiga dawa, na bei ya wiki mbaya kuliko zote mwaka uliopita.

Limebaki jambo la shule. Tangu waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, bustani imekuwa sehemu ya shule za nchi hii, na watu wazima wengi wanaikumbuka. Wanakumbuka nini? Wengi hukumbuka kwamba aliyechelewa alipelekwa kumwagilia, aliyepiga kelele alipewa jembe, na aliyefaulu hesabu alisamehewa. Ilikuwa njia ya hakika ya kumfundisha mtoto wa mkulima kwamba kazi ya mama yake ni adhabu. Desturi hiyo haijaisha, nayo haigharimu chochote kuiondoa.

Bustani ya shule ya mita za mraba 100 hutaka lita 300 za maji kwa siku ya kiangazi, sawa na ndoo 30 za lita 10, ambazo ndizo zinazomfaa mtoto mkubwa. Darasa la wanafunzi 45 likigawanywa katika zamu 3, kila mmoja atabeba ndoo 2, mara moja katika siku 3, wavulana kwa wasichana, mtoto wa mkuu wa shule na mtoto wa kibarua. Daftari la bustani likae darasani, si ofisini: lionyeshe tarehe ya kusia, miche iliyopona, ndoo zilizomwagwa, dawa iliyotumika na siku zilizongojewa. Na mchicha ukiwa tayari upikwe katika chakula cha mchana cha shule. Ukiuzwa, bei iandikwe katika daftari lile lile, mbele ya waliobeba maji.